Barua Pepe Isiyomchosha Mzee: Mwongozo kwa Mbunifu wa Programu

Kabla hujachora kitufe cha kwanza, nenda ukakae karibu na mzee anayetuma pesa kwa simu. Simu yenyewe ni ya vibonye, kioo kimekwaruzika, na bado kazi inakwenda. Anabonyeza nyota na namba anazozijua kwa moyo, anachagua kutuma pesa, anaulizwa namba, anajibu. Anaulizwa kiasi, anajibu. Jina la mpokeaji linatokea, analisoma kwa sauti, ndipo anaweka namba ya siri. Punde unaingia ujumbe wa kumwambia pesa imemfikia nani na yeye amebakiwa na kiasi gani. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikaingia Tanzania mwaka uliofuata, na watu ambao hawajawahi kukaa mbele ya kompyuta waliimudu.

Mweke mzee huyohuyo mbele ya programu ya kawaida ya barua pepe, utamwona anarudisha mikono mapajani. Hajapungukiwa akili tangu asubuhi. Simu ilimuuliza swali moja, ikasubiri jibu. Kompyuta imemmwagia folda, nyota, matangazo na vijipicha visivyo na maneno, halafu ikanyamaza, ikingoja yeye ajue la kufanya. Ukitaka kumbunia barua pepe mtu aliyeikuta kompyuta baada ya kustaafu, chukua mambo matatu anayoyajua tayari kutoka kwenye simu: swali moja kwa skrini moja, jina la mpokeaji kabla ya kutuma, na risiti baada ya kutuma. Karibu kila nitakachokueleza hapa kinatoka humo.

Skrini ya kwanza

Vitufe vitatu vinatosha: Soma barua, Andika barua, Tazama picha. Cha nne kikae pembeni peke yake, kiitwe Msaada. Kila kitufe kiwe na neno, na neno liwe la kitendo. Ikoni peke yake haitoshi. Kijipicha cha penseli kwako ni kuandika, kwa mtu mwingine ni penseli tu.

Mwaka 2009 huko Uingereza iliingia sokoni kompyuta iliyoitwa SimplicITy, iliyolengwa kwa wazee wasiowahi kutumia kompyuta. Ukiiwasha ulikuta vitufe 6 tu, kimojawapo cha barua pepe, na ndani yake mlikuwa na video za mafunzo zilizoongozwa na Valerie Singleton, mtangazaji wa televisheni ambaye wazee wa huko walimfahamu tangu zamani. Wazo la vitufe vichache nalipenda, na la kumtumia mtu mwenye sauti inayofahamika nalipenda zaidi. Ninachokiogopa katika vifaa vya namna hii ni kwamba mzee akikwama hakuna wa kumkwamua: jirani hajawahi kukiona, mjukuu hajawahi kukiona, fundi wa mtaani naye anakuna kichwa. Kwa hiyo chini ya skrini yako rahisi weka akaunti ya kawaida ya barua pepe, inayosoma kwa IMAP kama zilivyo programu nyingine, ili mzee akizoea na kuhamia kwenye simu janja, barua zake zote zimfuate. Na ndani ya Msaada acha njia ya kufungua mwonekano wa kawaida, ule ambao jirani anaujua.

Utashawishika kuifanya programu imsalimie mzee Shikamoo kila anapoiwasha. Acha. Shikamoo huitikiwa Marahaba, na mashine haisikii.

Unapopanga orodha ya barua zilizoingia, jihadhari na mazoea ya programu za Ulaya na Marekani, ambazo huonyesha jina la mtumaji pamoja na maneno machache ya mwanzo wa barua. Kwetu maneno ya mwanzo ni salamu. Barua 10 za watoto na wajukuu zitaonyesha mistari 10 ya "Shikamoo bibi, habari za siku nyingi, sisi huku hatujambo", na mzee hatajua ipi ina habari ya harusi na ipi ina habari ya ada. Onyesha picha ya mtumaji, jina, siku iliyoingia, na alama ya wazi kama ndani mna picha. Barua ambayo haijasomwa iandikwe kwa maneno, "Haijasomwa", usitegemee wino mzito peke yake. Barua tano katika skrini zinatosha.

Jina nalo liwe lile analolitumia yeye. Katika akaunti yake binti anaitwa kwa majina matatu ya cheti cha kuzaliwa, lakini mama yake anamjua kwa jina la Mama Asha. Mruhusu ampe kila mtu jina la nyumbani, na anwani yenye @ ifichwe kabisa, ionekane tu akiitaka.

Saa ndiyo itakayokusumbua. Kompyuta ikiandika 10:20, mzee anasoma saa kumi na dakika ishirini, nayo ni alasiri, kumbe barua imeingia saa nne asubuhi. Ama uandike saa kwa hesabu ya Kiswahili, ama ufanye kilicho rahisi zaidi: "leo asubuhi", "jana jioni", "Jumanne usiku". Kwa barua za familia dakika hazina kazi.

Macho na mikono

Kuanzia miaka ya arobaini jicho hupoteza uwezo wa kuona vizuri vitu vya karibu, na kadiri umri unavyosonga lenzi huingia umanjano na kupitisha mwanga kidogo. Umanjano huo hula rangi ya bluu: kitufe cha bluu hafifu juu ya kijivu, kinachokupendeza wewe, kwa mzee ni doa. Miongozo ya kimataifa ya WCAG inataka uwiano wa utofautishaji usiopungua 4.5 kwa 1 baina ya maandishi ya kawaida na mandharinyuma, na kiwango chake cha juu kabisa kinataka 7 kwa 1. Wewe nenda moja kwa moja kwenye 7. Maandishi meusi juu ya nyeupe isiyowaka sana hayajawahi kumkosea mtu adabu, na yanasomeka hata kompyuta ikiwekwa barazani mchana. Maandishi ya kijivu chepesi, mtindo ulioenea kila mahali, yaache kwa vijana wenzako.

Ukubwa wa herufi usiwe jambo la kutafutwa kwenye mipangilio. Weka vitufe viwili vinavyoonekana muda wote, Kuza na Punguza, na uhakikishe herufi zikikuzwa maradufu hakuna neno linalokatwa wala kitufe kinachosukumwa nje ya skrini. Maneno ya Kiswahili ni marefu. Kitufe kilichotosha neno la Kiingereza lenye herufi tano kitapasuka.

Kwenye mikono ndiko wabunifu wengi wanakoanguka, kwa sababu wanadhani kipanya ni kitu rahisi. Kwa anayekishika mara ya kwanza, kipanya ni mazoezi mapya ya mwili: mkono unakwenda mezani, macho yako kwenye skrini, kishale kinapotea. Mshipa ukitetemeka kidogo, kitufe kinakwepwa. Miongozo ya Android inashauri kitu cha kuguswa kiwe na upana wa milimita 9 hivi, na huko ni kwenye simu inayoguswa kwa kidole. Kwa kipanya mikononi mwa mzee, mara mbili ya hapo si anasa. Achia nafasi baina ya kitufe na kitufe, kuza kishale, punguza kasi yake.

Kisha uondoe yafuatayo bila huruma. Kubofya mara mbili: kila kitu kifunguke kwa mbofyo mmoja. Lakini kumbuka kwamba wapo waliofundishwa na mtu fulani kubofya mara mbili, nao watabofya kila kitu mara mbili, pamoja na kitufe cha kutuma. Kwa hiyo programu iupuuze mbofyo wa pili unaofuata haraka. Mbofyo wa kulia: ufanye kazi ileile ya kushoto, maana vidole huchanganya. Kuburuta: hapana. Menyu zinazotokea kishale kikipita juu yake: hapana. Kuskroli kunahitaji uamuzi, na mimi nimeamua dhidi yake, kwa sababu asiyewahi kutumia kompyuta hana namna ya kujua kwamba chini ya ukingo wa skrini kuna maneno mengine. Barua ndefu igawe kurasa, kama kitabu, na chini uandike "Ukurasa wa 1 kati ya 3" pamoja na kitufe cha Endelea.

Masako Wakamiya wa Japani, aliyejifunza kompyuta alipokaribia kustaafu kazi ya benki, alitoa mchezo wake wa simu uitwao Hinadan mwaka 2017 akiwa na umri wa miaka 81. Mchezo huo unachezwa kwa kugusa tu. Kuburuta na kutelezesha kidole alikuacha makusudi, kwa kuwa alijua vidole vya wenzake.

Kuandika

Usidhani kila mzee ni mgeni wa kibodi. Makatibu muhtasi waliostaafu walipiga taipureta kwa vidole kumi bila kutazama, na watakuacha nyuma. Tatizo lao ni jingine: watabonyeza Enter kila mwisho wa mstari kama walivyorudisha gari la taipureta, na barua ikifunguliwa kwenye simu ya mtoto itakuwa imekatikakatika. Programu inaweza kuiunganisha mistari hiyo kimyakimya wakati wa kutuma, na kuiacha ile inayofuatwa na nafasi tupu, kwa kuwa hizo ni aya.

Asiyejua kabisa ana taabu yake: anakandamiza herufi mpaka inajirudia, "mwanaaaaangu". Ongeza muda ambao kibodi inasubiri kabla ya kurudia herufi. Na tafadhali zima kikagua tahajia kama hakijui Kiswahili. Mzee aliyeandika barua safi, akaona kila neno limepigiwa mstari mwekundu, anaamini kwamba amekosea kila neno. Kirekebishaji kinachojiendesha chenyewe ni kibaya zaidi, kwa sababu kinaweza kumgeuzia maneno baada ya yeye kuyapita.

Mpangilio wa kuandika uwe ule wa simu. Skrini ya kwanza: "Unamwandikia nani?" pamoja na picha na majina ya nyumbani. Skrini ya pili: karatasi nyeupe, juu yake jina la anayeandikiwa. Sehemu ya nakala iondoe. Aliyekuwa karani anaijua kuliko wewe, maana alishika karatasi za kaboni, lakini bibi anayemwandikia mwanawe aliyeko Muscat haihitaji. Kichwa cha barua pia: barua ya ndugu haijawahi kuwa na Yah. Mpokeaji akiwa ndugu, programu ijaze yenyewe "Barua kutoka kwa Bibi Mwanahawa", au jina lolote la mwandishi. Mpokeaji akiwa ofisi, ndipo iulize, "Barua inahusu nini?" Kwa mstaafu anayefuatilia mafao, swali hilo ni la kawaida kabisa.

Kila herufi ihifadhiwe papo hapo. Umeme ukikatika katikati ya barua, siku ukirudi skrini iseme: "Ulikuwa unamwandikia Mama Asha. Uendelee?"

Kutuma

Chukua kipande cha karatasi uandike Tuma na Tupa, moja chini ya nyingine, kisha uvitazame bila miwani. Tofauti ni herufi moja, na katika programu nyingi vitufe hivyo viwili hukaa chini ya barua ileile. Usivitumie pamoja. Andika "Tuma barua" upande mmoja na "Iache kwanza" upande mwingine, na kutupa kusiwepo kabisa kwenye skrini ya kuandika. Asichotaka kukituma kitabaki. Barua zilizosomwa nazo zisifutike. Akichagua kuziondoa ziende kwenye sanduku la barua za zamani, na zikae humo miaka.

Akibofya Tuma barua, mwonyeshe picha na jina: "Barua hii inakwenda kwa Mama Asha. Ni sawa?" Majibu ni "Ndiyo, tuma" na "Hapana, nirudi". Akikubali, usiiachie barua papo hapo. Gmail humpa mtumiaji hadi sekunde 30 za kurudisha barua. Kwa mzee sekunde 30 ni muda wa kutafuta miwani. Mpe dakika mbili, na barua ionekane ikisubiri. Kisha risiti ya skrini nzima: "Barua yako kwa Mama Asha imeondoka leo asubuhi." Ibaki hapo mpaka yeye mwenyewe abofye Nimeona. Ujumbe unaotokea pembeni kwa sekunde tatu na kutoweka, kwake haukutokea.

Barua ikigonga mwamba, programu za kawaida humletea mtu waraka wa Kiingereza wenye namba 550, kutoka kwa mtumaji aitwaye Mailer-Daemon. Kuna watu watakaoizima kompyuta na kuomba dua. Uzuie waraka huo, usome wewe, na useme kwa lugha ya nyumbani: "Barua haikufika. Anwani ya Mama Asha ina kasoro. Mwombe Juma akusaidie", ukitaja msaidizi aliyeandikishwa. Na popote pale programu isimwambie mzee "Umekosea". Maneno ya siri hayakulingana, intaneti haipatikani, picha haikufunguka. Kosa ubebe wewe uliyeunda programu.

Picha zijifungue ndani ya barua bila kupakuliwa, na zile anazozituma zipunguzwe ukubwa zenyewe, bando lisiishe kwa picha mbili za kitukuu.

Wageni

Mzee wa Tanzania ameshapokea ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii", na nchi nzima inaufanyia utani. Utapeli wa barua pepe ni ndugu wa huo, kwa hiyo usianze kumfundisha upya. Barua kutoka kwa asiyeandikishwa iingie kwenye rafu ya Wageni, ambako viungo havibofyeki na viambatisho havifunguki. Juu yake iandikwe: "Humjui mtu huyu. Hata akisema ni benki, usimpe namba ya siri." Akiridhika naye, kitufe kimoja kinamhamisha mgeni kuwa mwenyeji.

Kuna wanaoshauri kumfungia mzee kabisa, apokee barua za familia peke yake. Kwa wiki za mwanzo, sawa. Baada ya hapo ni kumfanya mtoto. Huduma nyingi za serikali siku hizi zinataka anwani ya barua pepe. Nchini Kenya, kwa mfano, usajili wa PIN ya kodi mtandaoni huomba anwani hiyo. Hatari iliyobaki ni akaunti ya ndugu iliyotekwa, inayoandika kwa jina la mwanawe kuomba pesa. Barua yoyote yenye maneno ya pesa na haraka iwekewe mstari mmoja juu: "Mpigie simu kwanza."

Msaidizi aliyeko mbali

Watoto watakuomba uwezo wa kuingia kwenye akaunti ya mzazi wao kutokea Toronto au Dubai. Wape baadhi: kuongeza majina, kurekebisha anwani, kuona kwamba kompyuta imewaka. Kusoma barua wasipewe. Mzee ana mambo yake ya kiwanja, ya mirathi, ya majibu ya hospitali, na ana haki ya kumwandikia dada yake kuhusu watoto haohao. Msaidizi anapofanya badiliko, mzee apate taarifa: "Juma amemwongeza Mwalimu Hassan kwenye majina yako." Na ndani ya Msaada kuwe na kitufe cha kumwondoa Juma.

Kuhusu nywila: kwenye kompyuta ya nyumbani ibaki imekumbukwa, isiulizwe kila siku, na inapoandikwa herufi zionekane. Mzee akiiandika kwenye daftari lililoko kabatini, mwache. Matapeli unaowaogopa hawako chumbani kwake. Anayekwenda kusoma barua kwenye duka la stesheneri ni habari nyingine kabisa, na huyo programu imtoe yenyewe anapoinuka.

Kujaribu

Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa matumizi ya programu, aliandika mwaka 2000 kwamba watumiaji 5 wanatosha kufichua sehemu kubwa ya kasoro za muundo. Watafute watano wasiofanana: aliyekuwa karani, mkulima, mama wa sokoni, mwenye miwani mizito, mwenye mkono unaotetemeka. Wafuate kwao. Salimia, kaa, kunywa chai ukikaribishwa, na usitamke neno mtihani. Sema unakuja kuikagua kompyuta.

Ugumu utakaokutana nao ni heshima. Ukiuliza "Umeipenda?" utajibiwa "Nzuri sana mwanangu, Mungu akubariki", na hujapata kitu. Usiulize maoni, mpe kazi ya kweli, kama kusoma barua ya mjukuu na kuijibu, kisha tazama mkono unakosita. Akisema "nimesahau miwani", huenda ni kweli, na huenda kusoma kunamsumbua na hataki kusema mbele yako. Mpokee kwa neno lake, msomee, na ukirudi ofisini uongeze kitufe cha Nisomee na kingine cha kurekodi sauti badala ya kuandika. Wewe mwenyewe mikono iwe nyuma. Ukishika kipanya mara moja tu, zoezi limekwisha. Kuanzia hapo atakusubiri wewe.

Rudi baada ya wiki mbili umkute na programu ileile. Siku ya kwanza inakuonyesha kinachoeleweka. Wiki ya pili inakuonyesha kinachokumbukwa, na pembeni ya kompyuta utakuta karatasi aliyojiandikia mwenyewe: bonyeza hapa, halafu hapa. Isome kwa makini. Hatua aliyolazimika kuiandika ndiyo uliyoshindwa kuieleza kwenye skrini.

Karatasi hiyo pia ndiyo sababu ya kutohamisha vitufe kila unapotoa toleo jipya. Ukilazimika, kile cha zamani kiendelee kufanya kazi mahali pake kwa miezi, na barua ya kueleza badiliko iingie kwenye orodha yake kama barua nyingine yoyote, imetoka kwako, yenye jina lako na namba ya simu unayoipokea.